Mama, Acha Siku Iishe Kwanza

Kila mmoja wetu amekwisha kulisikia neno hili jikoni. Unamwita mtoto aende kuchota maji, au akununulie makala kwa jirani kabla bugali haijapoa moto wake, naye ameinamia simu, au ameshika maneti mbele ya tele ya rafiki yake, anakujibu bila kugeuza shingo: "Mama, acha siku iishe kwanza." Siku gani? Jua liko juu, siku bado ndefu. Sisi tulidhani ni ujeuri, tukanyang'anya simu, tukapiga kelele, na jambo likaishia hapo mpaka kesho yake.

Tumeanza kulichunguza jambo hili kwa sababu ya kitu kilichompata mwenzetu. Jumamosi ile tulikuwa tumekutana kuhesabu akiba ya muso yetu, lakini yeye alifika macho yakiwa mekundu, na hesabu zikasubiri.

Mwenzetu huyu huuza sambaza. Kila siku huamka saa kumi na nusu za usiku, hushuka ziwani kuwangoja wavuvi waliokesha majini na taa zao, hupata beseni lake, kisha hupanda nalo mpaka soko la Kadutu kabla jua halijawa kali, maana sambaza hazingoji mtu. Saa yake ni simu, hana nyingine. Usiku ule simu ililia. Akaamka, akafunga kitenge, akaweka beseni kichwani, akatoka. Cha kwanza kilichomshangaza ni jogoo wa jirani, alikuwa kimya. Cha pili, njia ilikuwa tupu. Ninyi mnaoijua miteremko yetu mnajua kwamba saa kumi na nusu hauko peke yako. Utakutana na wamama wa mikate, na wale wanaokwenda kupokea ndizi na mananasi ya Idjwi, na vijana wa kubeba mizigo. Usiku ule hapakuwa na mtu, mbwa tu.

Alifika penye geti moja ambapo mlinzi alikuwa anaota moto. Mlinzi akamwuliza, "Mama, unakimbia nini?" Akamjibu kwamba anakwenda kutafuta sambaza. Mlinzi akatazama saa yake ya mkono, akasema, "Saa hii? Haijafika hata saa nane."

Hatuna haja ya kuandika hapa ni mambo gani yanaweza kumpata mwanamke aliye peke yake njiani saa nane za usiku katika mji wetu. Kila mmoja anajaza mwenyewe. Mlinzi yule, Mungu ambariki, alimsogezea tofali akae karibu na moto, akakaa hapo zaidi ya saa mbili, beseni magotini, mpaka wamama wa kwanza walipoanza kupita.

Aliporudi nyumbani alimkuta mtoto wake wa mwaka wa sita ameamka, amesimama mlangoni, anatetemeka. Mtoto alikuwa amekwisha kujua. Katika simu ile kuna mchezo wa shamba: unapanda mahindi, unayangoja saa tatu, yanaiva, unavuna, unauza, unanunua ng'ombe. Mchezo wenyewe hauna saa yake, unasoma saa ya simu. Basi watoto wa mtaa walikuwa wamegundua kwamba ukiingia kwenye mipangilio ya simu, ukaizuia isijiwekee saa yenyewe, ukaisukuma mbele saa tatu, mahindi yanaiva palepale. Unavuna, kisha unarudisha saa nyuma. Alisukuma, akavuna, halafu usingizi ukamshinda kabla hajairudisha.

Mkutanoni tuligawanyika. Mmoja alisema fimbo. Mwingine alisema simu ifungwe sandukuni, kana kwamba mwenye simu hana wateja wa kumpigia. Mama mzee wetu, ambaye kwa kawaida hungoja wote wachoke ndipo aseme, alicheka kidogo. Akasema mtoto huyu amefanya lile ambalo yeye mwenyewe angelifanya miaka yote aliyolima kule Walungu, kama mahindi yake yangekubali. Tukacheka wote, hata mwenye sambaza. Lakini alipomaliza kucheka alisema jambo ambalo lilitunyamazisha: "Yeye alichukua saa zake tatu, lakini mimi ndiye niliyezilipa."

Tukaamua kwamba hatuwezi kukemea kitu tusichokijua. Binti wa mwenzetu mmoja anasoma informatiki, tukamwomba aje Jumamosi iliyofuata atueleze. Alikuja na simu mbili na subira nyingi. Haya ndiyo tuliyoyashika.

Katika michezo mikubwa, ile ambayo mtoto anatembea popote anapotaka, mjini, porini, baharini, kuna jua linalochomoza na kutua. Lakini siku yao si siku yetu. Watengenezaji wanaiharakisha makusudi. Kama siku ya mchezo ingekuwa na saa 24 kamili kama yetu, mtoto anayecheza jioni tu baada ya masomo angeuona mji ule jioni tu, maisha yake yote, maduka yamefungwa na watu wamelala. Basi wanabana siku. Ule mchezo wa magari na majambazi ambao vijana wetu wanaujua wote, Grand Theft Auto, katika toleo lake la San Andreas la mwaka 2004, dakika moja ya mchezo ni sekunde moja ya kwetu. Siku nzima, tangu asubuhi hadi asubuhi, inakwisha kwa dakika 24. Katika toleo la tano, la mwaka 2013, waliurefusha mwendo mara mbili, siku ikawa dakika 48. Mchezo mwingine, Skyrim wa mwaka 2011, una siku ya dakika 72.

Mtaona sasa tulikokuwa tunakosea. Mtoto akikwambia "siku iishe kwanza", anaweza kuwa anaomba dakika 20 au anaomba zaidi ya saa nzima, inategemea yumo katika mchezo gani, na huko ni saa ngapi. Mama mmoja aliinua mkono akasema, "Kumbe mwaka mzima nimekuwa nikiuziwa kitambaa bila kupima!" Tangu siku hiyo yeye humwuliza mwanawe maswali mawili tu: mchezo gani, na jua liko wapi. Akisikia jua limekwisha kuinama, anangoja. Akisikia ndiyo kwanza kumepambazuka katika Skyrim, anazima.

(Tuseme pia neno moja ambalo halihusu saa. Ile Grand Theft Auto imeandikwa kwenye kasha namba 18, yaani si ya watoto. Katika vyumba vya michezo vya mitaa yetu tumeona wa miaka kumi wamekaa mbele yake, wakilipa kwa dakika. Tutalirudia siku nyingine, maana leo tukianza hatutamaliza.)

Binti alitueleza kwamba wengine hawaridhiki na mwendo waliowekewa, wanaubadilisha. Katika Skyrim, kwa wanaocheza kwenye kompyuta, kuna namba iliyofichwa. Imewekwa 20, maana yake muda wa kule unakwenda mara 20 kuliko wa kwetu. Unaandika amri, unaweka 10, siku inarefuka mara mbili. Ukiweka 1, jua la mchezo linatembea sawasawa na jua la Bukavu. Watu wanafanya hivyo kwa sababu wanachoka kuona mtu anatoka kijiji kimoja asubuhi, anafika cha pili hapo karibu, na giza limekwisha kuingia. Wengine wanaongeza mwendo, hasa wanapongoja duka lifunguliwe. Michezo mingine haikupi namba, inakupa kitanda. Katika San Andreas ukihifadhi mchezo wako saa sita zinapita, umelala. Katika toleo la tano kuna wanaume watatu, na kila mmoja analala kwa kadiri yake: wa kwanza saa sita, wa pili nane, na yule mkorofi wa tatu saa kumi na mbili. Hapo wamama walicheka sana, maana kila mmoja alikuwa na wa kumlinganisha naye.

Kuna na mchezo mmoja wa Wajapani wa mwaka 2000, Majora's Mask, ambapo mwezi utaanguka juu ya mji baada ya siku tatu, na mtoto shujaa ana filimbi. Akiupiga wimbo fulani kinyumenyume, muda unapunguza mwendo. Mwenzetu mwenye watoto saba aliuliza filimbi hiyo inauzwa wapi.

Lakini kilichotupendeza kuliko vyote ni saa ya Minecraft. Huu ndio mchezo wa mawe na miti ya pembe nne, ambao watoto wadogo wanaupenda, na kusema kweli ni katika ile isiyotisha sana. Siku yake ni dakika 20: mchana dakika 10, usiku kama 7, na kilichobaki ni mapambazuko na magharibi. Ndani yake kuna hesabu inayokwenda toka sifuri hadi 24,000, na kila 1,000 ni saa moja. Binti alifungua tukaona. Sifuri iko wapi? Haiko usiku wa manane kama saa ya ukutani. Iko jua linapochomoza. Ukiamuru kuwe mchana, mchezo unaandika 1,000, nayo ni saa moja ya asubuhi. Adhuhuri ni 6,000, saa sita. Jua linatua 12,000, saa kumi na mbili. Wanaume wa Sweden waliutengeneza mchezo huu bila kutujua, wakahesabu saa kama bibi zetu. Mama mzee wetu, ambaye hadi leo anawasumbua wajukuu kwa kukataa kusema saa za Kifaransa, alitaka aonyeshwe mara mbili.

Ndipo mama mwingine, ambaye alikuwa amekaa nyuma muda wote, akauliza kwa sauti ndogo: "Na kama mtoto amezuia jua lisitue kabisa?"

Binti akasema inawezekana. Katika Minecraft ya simu kuna kitufe cha mchana wa siku zote. Ukikiwasha jua linasimama, usiku haufiki tena. Mchezo unakuadhibu kidogo, hukupi tena tuzo katika dunia hiyo, kwa sababu unahesabu kwamba umedanganya. Wengi wanakiwasha wakati wanajenga nyumba, wapate kuona vizuri.

Mama yule akasema wa kwake hajengi. Ana miaka tisa. Siku zile za katikati ya mwezi wa pili mwaka 2025, vita ilipofika mjini kwetu, shule zikafungwa nasi tukalala chini sakafuni mbali na madirisha, yaya yake alimwachia simu yake ya zamani ili anyamaze. Aliwasha kitufe kile wakati huo. Tangu hapo hajakizima. Katika dunia yake jua limesimama zaidi ya mwaka. Hufanya nini humo? Anatembea tu. Anapanda ngano, anafuga kondoo, anachimba kidogo, anarudi. Mama alidhani ni uvivu wa kupigana, maana katika mchezo ule usiku ndipo wanapotoka wafu wanaotembea na mifupa yenye mishale. Alimwuliza. Mtoto akajibu kwamba usiku ni wakati wanaokuja.

Hakusema ni nani wanaokuja, na mama hakuuliza zaidi.

Hapo mkutano ulikaa kimya muda mrefu. Hatukuwa na mtu wa kumlaumu, wala mchezo wa kulaumu. Kila mmoja wetu ana mtoto ambaye alibadilika siku zile: huyu amerudia kukojoa kitandani, yule hataki mlango ufungwe, mwingine anauliza kila jioni kama baba amekwisha kuingia. Sisi wenyewe tunalala na viatu karibu. Na hapa kuna mtoto ambaye amepata mahali pamoja ambapo neno lake linasikilizwa na jua. Wengine tuliona tumwache. Wengine waliona kwamba mtoto asiyekubali usiku hata wa kuchezea atazidi kuuogopa ule wa kweli. Tulibishana kweli, na mpaka sasa hatujakubaliana. Sisi si waganga. Tulikubaliana kwamba mama asiuzime mchezo kwa nguvu, na kwamba akae naye acheze, hata kama hajui kushika. Kwa mtoto ambaye hali yake inatia wasiwasi zaidi, asiyekula au asiyesema, tulimkumbusha kila mama kwamba kwenye vituo vya afya kuna watu wanaofundishwa kusikiliza watoto, na si aibu kwenda.

Kuhusu simu, tumepatana mambo machache na tunayaandika ili yeyote asiyekuwapo ayajue. Simu ambayo mama anaamkia isiwe ya kuchezea baada ya chakula cha usiku. Kwenye mipangilio, sehemu ya tarehe na saa, hakikisheni simu inajiwekea saa yenyewe kutoka kwenye mtandao. Mkikuta imezimwa, mjue kuna shamba la mahindi mahali. Mwenye sambaza amenunua sokoni kisaa kidogo cha kengele, cha betri, na analala nacho chini ya mto. Anasema kinapiga kelele kama mbuzi aliyefungwa, lakini hakuna mtoto anayekijali.

Na mtoto wake? Hakupigwa. Mama alimwamsha siku moja saa kumi na nusu, akashuka naye ziwani, akamkalisha pale kungoja. Wavuvi walichelewa siku hiyo. Mwezi ulikuwa mkubwa, na mwezi ukiwaka samaki hawazifuati taa, hilo kila anayeuza sambaza analijua. Walikaa pale mpaka kweupe, baridi ikawapiga, wakapata nusu beseni. Mtoto aliuliza mara nne kama hakuna njia ya kuwaharakisha. Mara ya tano alilala begani mwake.

Jumamosi hii tutakutana mahali petu pa kawaida, saa nane za mchana, tumalize hesabu za muso zilizosubiri majuma mawili. Binti atakuja tena. Mwenye simu yenye mchezo asioujua ailete ikiwa na moto, maana mnajua umeme wetu haupangiwi saa.

Mtoto wa mchana wa siku zote, mama yake alituletea habari juzi. Yaya yake alirudi nyumbani kwa siku chache, wakaunganisha simu mbili, wakawa wawili katika dunia ile. Yaya alijenga nyumba ndogo ya mawe, akaweka vitanda viwili, akamweleza mdogo wake sheria ya mchezo: wakilala wote wawili, usiku unapita kwa mara moja, lakini kitanda hakikubali kama kuna adui karibu. Wakafunga mlango. Wakazunguka ukuta wote kutafuta tundu. Ndipo mtoto akazima kitufe mwenyewe, jua likaanza kushuka, naye akamshika yaya yake mkono. Kitanda kilikubali. Kulipokucha kule ndani, alitoka nje kuwatazama kondoo, akawahesabu, wote walikuwapo. Kisha akakiwasha tena kitufe, na mama yake hakusema kitu, akaenda kutazama maharage yake motoni.